Dakika Mia Moja na Kumi

Saa tisa na dakika ishirini alasiri, Jumapili tarehe 9 Februari 2025, mguu wa nyuma wa kushoto wa kiti cheupe cha plastiki ulikatika, sentimita nne chini ya kikalio. Kiti kilikuwa katika madrasa ya wanawake Jomvu Kuu, mbele, karibu na ubao. Aliyekikalia alikuwa Bi Mwanatabu, mwalimu wa madrasa hiyo, mwenye umri wa miaka sitini na minane na uzito wa kilo sabini na moja. Wanafunzi kumi na saba waliokuwapo walikubaliana kwamba hakuwa ameegemea wala hakuwa akikiyumbisha. Alikuwa akivaa miwani. Aliangukia nyonga ya kushoto kwenye sakafu ya saruji.

"Musiniinue," alisema. "Muiteni Nadira."

Nadira alikuwa binti wa marehemu kaka yake. Bi Mwanatabu alimlea tangu alipokuwa na miaka sita, akamsomesha, na mpaka siku hiyo walikuwa wakiishi nyumba moja, hatua mia mbili kutoka madrasa. Alikuwa na miaka thelathini na mmoja, injinia katika kiwanda cha viti vya plastiki huko Changamwe. Kiti kile alikileta yeye, pamoja na vingine thelathini na tisa.

Alifika baada ya dakika tano. Alipiga magoti, akamshika shangazi yake mkono, akamuuliza anaumia wapi, akapiga simu kuita gari. Gari lilipofika na mgonjwa akawekwa ndani, Nadira alirudi madrasa, akaokota mguu uliokatika, akakipindua kiti na kusoma kibandiko chini ya kikalio, ndipo akatoka. Wanafunzi wawili walilitaja jambo hilo baadaye, na si kwa kumsifu.

Kibandiko kilisema: 31/01, 14:20. Yaani Ijumaa, saa nane na dakika ishirini mchana.

*

Kiti cha plastiki hufyatuliwa kwa pigo moja. Punje za plastiki huyeyushwa ndani ya silinda kwa nyuzi mia mbili na thelathini, kisha parafujo nene kama paja la mtu husukuma uji ule ndani ya kalibu, ambayo mafundi huiita moldi, kupitia tundu moja lililo chini ya kikalio. Uji hukimbilia mgongoni na miguuni, ukapoa, moldi ikafunguka, kiti kikatolewa. Kwa mashine nambari nne kazi yote hiyo ilichukua dakika moja.

Ndani ya moldi hakuna jicho linaloona. Kwa hiyo kabla chuma hakijachongwa, kompyuta huiiga safari ya uji huo. Hugawanya umbo la kiti vipande vidogo laki tatu na nusu, na kwa kila kipande hukokotoa joto, mgandamizo na mnato, sehemu ndogo ya sekunde baada ya nyingine. Mwishowe mtu hukiona kiti kikijaa kwenye skrini, wekundu ukiufukuza ubuluu mpaka ncha za miguu. Hiyo ndiyo iliyokuwa kazi ya Nadira, na kiwandani hapakuwa na mwingine aliyeijua.

Kinachotafutwa hasa ni mshono. Uji ukikuta kizuizi hugawanyika, ukakizunguka, ukakutana tena upande wa pili, na pale unapokutana haushikani sawasawa na kwingine. Mshono hauondolewi. Huhamishwa tu. Viti vya zamani vilikuwa na mshono mgongoni na vilipasuka hapo. Katika moldi mpya Nadira aliuhamishia kwenye miguu ya nyuma, penye plastiki nene zaidi. Kompyuta ilisema mahali hapo pangekuwa na asilimia themanini na sita ya nguvu ya plastiki nzima. Kiwango kilichohitajika kilikuwa hamsini.

Moldi mpya ilifungwa kwenye mashine nambari nne Jumatatu tarehe 27 Januari. Siku hiyohiyo Nadira alibandika karatasi ubavuni mwa mashine, yenye maagizo sita na sahihi yake. Agizo la nne lilihusu kuisafisha silinda. Mashine ikisimama kwa sababu yoyote, plastiki iliyobaki ndani huendelea kupikwa, na mafundi huimwaga chini kwa mabonge kabla ya kuanza tena kufyatua viti. Wao husema wanaitapisha mashine. Karatasi ilisema: mabonge matatu, si zaidi.

Fundi wa mashine hiyo alikuwa Tsofa, mtu wa Kaloleni aliyekuwa akiishi Mikindani, na aliyekuwa na miaka ishirini na sita kiwandani. Alikuwa amebakisha miezi kumi na minne astaafu. Aliisoma karatasi mara mbili.

"Matatu?" aliuliza. "Binti, mashine hii naijua tangu haijaota kutu. Mimi huitapisha mpaka bonge liwe jeupe. Siku nyingine kumi, siku nyingine ishirini."

"Silinda inabeba plastiki ya viti vitatu, mzee. Yakitoka mabonge matatu, iliyobaki ndani ni mpya."

"Huyo mganga wako wa kioo ndiye kasema?"

"Ni hesabu."

"Mganga naye huwa na hesabu. Kuku wawili, kaniki moja."

Kahaso, mwanamke aliyekuwa akikata mabaki ya plastiki kwenye viti vilivyotoka, alicheka mpaka akaweka kisu chini. "Mwambie akutajie na rangi ya kuku," alimwambia Tsofa.

Nadira naye alicheka. Hakuwa mtu wa kukasirishwa na mzaha. Alikuwa anaondoka Tsofa alipouliza, bila mzaha sasa: "Na Ijumaa je?"

"Ijumaa hesabu ni ile ile," Nadira alijibu.

Kahaso aliyasikia maneno hayo. Nadira mwenyewe hakuyakana kamwe.

*

Bi Mwanatabu alilazwa katika hospitali moja kisiwani. Mfupa wa paja ulikuwa umevunjika shingoni, karibu na nyonga. Alifanyiwa upasuaji siku ya tano, na daktari alisema umefanikiwa.

Alikuwa mwalimu hata akiwa kitandani. Muuguzi aliyemsalimia kwa haraka alirudishwa na kufundishwa kusubiri jibu. Siku ya tatu alimtaka Nadira avute kiti, naye Nadira, kabla ya kukaa, alikiinamia na kukitazama miguu.

"Hicho ni cha chuma," shangazi yake alisema. "Kaa. Nambia, ni kitu gani kilichovunjika?"

"Mguu wa nyuma, shangazi."

"Hilo nalijua, nalilisikia kwa masikio yangu. Nauliza ni kitu gani. Mtoto akikosea aya, kosa huwa na mahali pake. Ama herufi, ama pumzi, ama hakuhifadhi. Ni lipi?"

"Bado naangalia."

"Angalia. Na ukilipata, nambia mie wa kwanza, kabla hujalitia maneno mazuri."

"Abee, shangazi."

Kiwandani mambo yalikuwa yamekwenda haraka zaidi. Jumatatu tarehe 10 moldi mpya iliteremshwa. Jumanne Tsofa alisimamishwa kazi. Meneja wa uzalishaji, Yasir, alikuwa amepata jambo katika kumbukumbu za mashine: tarehe 31 Januari, saa nane na dakika kumi na nne, joto la silinda lilishushwa nyuzi nane bila sahihi ya injinia. Agizo la pili katika karatasi ya Nadira lilikataza hilo waziwazi. Yasir alimtaka Nadira aandike ripoti ya kitaalamu ifikapo mwisho wa mwezi, ambayo ingeamua kama Tsofa atarudi au atafukuzwa bila kiinua mgongo.

Yasir hakuwa mtu mbaya. Alisoma kwa Bi Mwanatabu utotoni, na siku ya ajali alifika hospitali kabla ya jamaa wengi.

"Joto lilishushwa, au halikushushwa?" alimuuliza Nadira.

"Lilishushwa."

"Nani alilishusha?"

"Mzee Tsofa."

"Basi andika hilo. Sikwambii uandike uongo, Nadira. Wallahi sikwambii. Andika kilichotokea."

*

Nadira alianza kwa kukusanya viti. Thelathini na saba vilikuwa madrasa. Viwili vilikuwa vimeazimwa na jirani mmoja. Alivifuata na kuvichukua, kimoja kikiwa na nguo za mtoto zilizoanikwa. Vibandiko vilionyesha vimefyatuliwa mfululizo, kuanzia 14:13 hadi 14:52.

Sababu ilikuwa rahisi. Kiwanda kilikuwa na desturi ya kutoa sadaka viti vya wiki ya kwanza ya kila moldi mpya. Mfanyakazi aliyetaka aliandika jina la msikiti, kanisa au shule yake. Nadira aliandika madrasa ya shangazi yake. Gari dogo la kuvibeba lilipatikana Ijumaa saa tisa alasiri, na viti vilivyokuwa karibu na mlango wakati huo ni vile vilivyotoka kwenye mashine mchana uleule.

Kisha aliiga upya ujazo wa moldi, joto likiwa chini kwa nyuzi nane. Kompyuta ilichukua saa kumi na moja. Nguvu ya mshono ilishuka kutoka themanini na sita hadi themanini na tatu. Kiti cha namna hiyo kingembeba Bi Mwanatabu na mwanafunzi mmoja mapajani mwake.

Kosa, basi, halikuwa joto. Siku tatu Nadira alitafuta kwingine. Alipima unene wa mguu uliokatika, akapima moldi, akapitia hati za punje. Vyote vilikuwa sawa. Jumanne tarehe 18, baada ya kazi, alikwenda Mikindani.

Tsofa alikuwa uani akigongelea misumari banda la kuku. Alimtolea mgeni stuli ya mbao.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Shangazi yako aendeleaje?"

"Jana alikaa. Leo amesimama kidogo."

"Mungu ni mwema." Aligonga msumari mmoja. "Umekuja peke yako, au na mganga wako?"

"Peke yangu. Kwa nini ulishusha joto?"

"Uji uliteremka kama maji ya madafu. Nikashusha ili ushike."

"Kwa nini uwe kama maji?"

Tsofa alimtazama kana kwamba alikuwa ameulizwa jua linachomoza wapi. "Si tulikuwa tumesimama? Ilikuwa Ijumaa."



Kila Ijumaa saa sita na dakika ishirini mashine nambari nne husimama. Inahitaji watu wanne, na wawili kati yao, mjaza punje na mpokea viti, huenda msikitini. Tsofa na Kahaso hubaki, wakala, wakangoja. Moto wa silinda hauzimwi, maana ikipoa huchukua zaidi ya saa nzima kupata joto tena. Kwa saa moja na nusu plastiki hukaa mle ndani ikipikwa bila kwenda popote. Ilikuwa hivyo tangu kiwanda kijengwe. Nadira alizaliwa Jomvu Kuu. Kwa miaka mitano aliusikia ukimya ule akiwa mezani pake ghorofani, akainuka, akaswali, akarudi. Katika programu alikuwa ameandika kila kusimama kwa mashine alikokujua: umeme kukatika, moldi kubadilishwa, punje kuchelewa bandarini. Ijumaa hakuiandika, kwa sababu kwake Ijumaa haikuwa mashine kusimama. Ilikuwa Ijumaa.

"Kwa nini hukuitapisha zaidi?" aliuliza hatimaye.

"Karatasi ilisema matatu."

"Ungekuja kuniambia."

"Nilikuja." Tsofa aliweka nyundo chini. "Nilipanda juu na bonge la tatu mkononi. Lilikuwa manjano kama ute wa yai. Wewe ulikuwa kwenye simu, unamwambia shangazi yako viti vinakuja, unacheka. Nikaliweka mezani pako. Nikasema, huyu amesoma, akiliona atajua."

Nadira alilikumbuka bonge hilo. Lilikuwa ofisini mwake bado. Tangu siku ile alikuwa akilitumia kuzuia mlango usijifunge kwa upepo.

*

Kuna kifaa kidogo ambacho huyeyusha plastiki, kikaisukuma kwa uzito maalumu kupitia tundu jembamba, na kupima ni gramu ngapi zimetoka kwa dakika kumi. Plastiki iliyopikwa kupita kiasi hutoka haraka, kwa sababu nyuzinyuzi zake zimekatikakatika. Jumatano asubuhi Nadira alipima vitu vitatu. Punje mpya zilitoa gramu kumi na mbili. Kipande cha mguu uliokatika kilitoa thelathini na moja. Bonge lililozuia mlango lilitoa thelathini na nane.

Ilibaki kujua kwa nini mabonge matatu hayakutosha. Alipima parafujo ya mashine nambari nne kwa mara ya kwanza tangu aajiriwe. Ilikuwa imelika. Programu yake iliihesabu kuwa mpya, yenye kusukuma kila kitu mbele kwa usawa, kama maji ndani ya bomba. Parafujo iliyolika huacha plastiki ya zamani kwenye kuta, ikajichanganya kidogokidogo na mpya. Aliingiza vipimo vya kweli, akaingiza dakika tisini za Ijumaa, akaiacha kompyuta ifanye kazi.

Jibu lilipatikana Jumamosi tarehe 22, wakati wa alasiri. Viti kumi na vitano vya mwanzo baada ya mabonge matatu vilikuwa na plastiki iliyoharibika. Nguvu ya mshono katika kiti cha nane, kile cha 14:20, ilikuwa asilimia arobaini na moja. Kama Tsofa angeachwa aitapishe mashine kwa macho yake, mabonge kumi na manane yangetosha. Viti vyote kumi na vitano vilikuwa miongoni mwa vile arobaini. Viti vya Ijumaa iliyofuata, tarehe 7, vilikuwa bado stoo, navyo vilisagwa. Nadira aliteremka mpaka kwenye mashine, akaibandua karatasi yake, akaikunja na kuitia mfukoni.

Yasir alisikia habari hizo bila kukatiza.

"Karatasi ile ina sahihi yako," alisema. "Wajua maana yake."

"Najua."

"Na joto lilishushwa. Hilo nalo ni kweli."

"Ni kweli."

"Ripoti haiwezi kubeba kila kilicho kweli, Nadira. Mzee yule kabakisha mwaka na kitu. Wewe una miaka thelathini mbele yako. Na shangazi yako anapona, alhamdulillahi."

"Nitaileta Ijumaa," Nadira alisema.

Jumapili tarehe 23 alikwenda hospitali saa kumi. Alikuwa na jibu, na alikuwa ameahidi kulisema. Alikuta wageni tisa wakikizunguka kitanda, wengi wao wanafunzi wa madrasa. Bi Mwanatabu alikuwa ameketi, akilalamika kwamba mguu wa kushoto umevimba na unambana, na katikati ya malalamiko akimsahihisha msichana mmoja pale alipovuta sauti kupita kiasi.

Alimwona Nadira mlangoni. "Umepata?" aliuliza.

Watu tisa waligeuka.

"Kesho, shangazi," Nadira alisema. "Kesho nitakwambia vizuri."

"Vizuri sikutaka," Bi Mwanatabu alisema, na wageni wakacheka.

Alifariki Jumatatu saa kumi na moja na dakika arobaini alfajiri. Donge la damu lilitoka mguuni likaziba mshipa wa mapafu. Daktari alieleza kwamba jambo hilo huwapata baadhi ya watu waliovunjika nyonga, hata wakiangaliwa vyema. Nadira alimuuliza ni wangapi katika mia. Daktari alimpa idadi, naye akashukuru.

*

Alizikwa siku hiyohiyo baada ya swala ya adhuhuri. Siku tatu nyumba ilijaa. Wanawake walikaa mikekani ndani. Wanaume walikaa nje chini ya turubai, kwenye viti vya kukodi. Jioni ya kwanza, kabla wanaume hawajafika, Nadira alivipitia viti hivyo kimoja kimoja, akivipindua na kusoma chini. Vilikuwa sitini. Hakuna kilichotoka kwenye moldi yake. Binamu yake mmoja alimshika mabega akamrudisha ndani.

Siku ya tatu, baada ya hitima, Tsofa na Kahaso walifika. Kahaso aliingia kwa wanawake, akakaa karibu na Nadira. Kisha alinong'ona: "Mzee yuko nje. Kapewa kiti, kakipindua kwanza."

Nadira alitoka. Tsofa alikuwa amekaa ukingoni mwa kiti, kofia mkononi.

"Makiwa, mwanangu," alisema.

"Tunayo, mzee." Kisha, mbele ya watu wote, Nadira alisema: "Halikuwa joto. Ilikuwa ile karatasi."

Tsofa alitikisa kichwa polepole. "Ulimwambia shangazi yako?"

"Hapana. Jumapili nilikuwa na jibu. Palikuwa na wageni."

Tsofa aliigeuza kofia yake mara mbili, kama mtu anayetafuta kibandiko.

*

Ijumaa tarehe 28 Februari, saa nne asubuhi, Tsofa aliitwa kiwandani kuisoma ripoti kabla haijapokewa. Ilikuwa haki yake. Ilikuwa na kurasa tisa. Alivaa miwani, akasoma kwa kidole, mstari kwa mstari, Nadira akiwa upande wa pili wa meza. Chini, mashine nambari nne ilikuwa ikifyatua mabeseni.

Ukurasa wa sita ulitaja chanzo: agizo la nne, lililoandikwa na kutiwa sahihi na injinia Nadira, bila kuhesabu kusimama kwa kila Ijumaa wala kulika kwa parafujo. Ukurasa wa saba ulieleza kwamba fundi aliuliza juu ya Ijumaa siku ya kwanza, na maneno aliyojibiwa. Ulieleza pia habari ya bonge. Tsofa aliusoma ukurasa huo kisha akarudi wa sita.

"Hapa kuna kosa," alisema.

"Wapi?"

"Umeandika dakika tisini."

"Kila Ijumaa ni tisini, mzee. Nimewauliza watu sita."

"Kila Ijumaa, ndiyo. Ile hapana." Alitoa mfukoni daftari la shule lililokunjwa kwa urefu, akalifungua, akaweka kidole. "Siku ile msikitini palikuwa na majeneza mawili. Vijana walibaki kuswalia maiti. Tulisimama saa sita na dakika ishirini, tukawasha saa nane na dakika kumi. Mia moja na kumi."

Nadira alilitazama daftari. Kisha alifungua kumbukumbu za mashine, akatafuta, akapata. Zilikuwapo wakati wote. Mia moja na kumi.

"Haibadilishi kitu kwako," alisema. "Wala kwangu."

"Najua," Tsofa alisema. "Lakini si tisini."

Kompyuta sasa ilikuwa na kila kitu isipokuwa namba hiyo moja, na hesabu ya mshono pekee ilihitaji dakika arobaini. Walingoja. Nadira alitengeneza chai. Tsofa aliuliza ni rangi ipi kwenye skrini iliyo uji, naye akamwonyesha. Aliutazama wekundu ukiteremka kwenye mguu wa nyuma, ukagawanyika, ukakutana.

"Ni pale," alisema.

"Ni pale."

Jibu lilitoka: asilimia thelathini na nne. Nadira alifuta arobaini na moja, akaandika thelathini na nne; akafuta tisini, akaandika mia moja na kumi. Alichapisha nakala tatu. Yeye alitia sahihi kama mwandishi, Tsofa kama shahidi. Saa sita na dakika kumi na mbili Yasir alipokea nakala ya kwanza, akafungua ukurasa wa sita na wa saba akiwa amesimama, akapiga muhuri wa kupokewa, akaandika saa.

Saa sita na dakika ishirini mashine nambari nne ilisimama.